IST imeshushwa, matairi yanalika kwa ndani: alaimenti ya nini kama tairodi hazikuguswa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Tabora mjini, Ipuli. Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1300. Mwezi uliopita niliishusha kama sentimita nne kwa springi fupi na kuweka rimu za inchi 16. Aliyenifungia alisema alaimenti haina haja kwa kuwa hakugusa tairodi. Sasa matairi ya mbele, yaliyokuwa mapya kabisa, yamelika upande wa ndani, na usukani hukaa upande gari likiwa linakwenda moja kwa moja. Kila Jumamosi nakwenda Urambo. Vijana wa kijiweni wanasema ni kemba, ninunue boliti za kemba. Mwingine ananiambia niende Mwanza kwenye mashine ya kompyuta. Nianzie wapi? Na haya matairi bado yanafaa?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha jinsi magurudumu yanavyoelekea na kuegemea, ni lazima, na ilitakiwa ianze kupimwa siku ileile springi zilipofungwa. Boliti za kemba ziache dukani kwanza. Kinachokula matairi yako karibu hakika ni tou, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu, na tou inapimika hapohapo Tabora kwa futi, chaki na timazi ya fundi uashi. Ipime kabla ya safari nyingine ya Urambo.

Nianze na hoja ya fundi wako, maana ndiyo inayowaponza wengi. Kweli hakugusa tairodi. Lakini gurudumu la mbele la IST limeshikwa na vitu vitatu: shokapu kwa juu, mkono wa chini, na tairodi inayotoka kwenye usukani. Mkono wa chini una urefu wake na mahali pake unapobembea, na tairodi nayo ina urefu wake na mahali pake. Gari likishuka sentimita nne, ncha za nje za vyote viwili hupanda, ila kila moja hufuata tao lake. Kwa kimo cha kiwandani urefu wa tairodi ulikuwa sahihi. Kwa kimo kipya umezidi au umepungua milimita chache, basi tairodi inausukuma au kuuvuta upande mmoja wa gurudumu na gurudumu linageuka. Nati haikufunguliwa na tou imehama. Kiasi gani, na kuelekea wapi, inategemea kila aina ya gari na usukani wake ulivyofungwa, ndiyo maana hapimi mtu kwa macho.

Ninaposema tou, fikiria unaliangalia gari kutoka juu. Matairi ya mbele yakikaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma, tou imefunga. Yakiachana kwa mbele, imefunguka. Kemba unaiona ukisimama mbele ya gari: tairi likiegemea ndani kwa juu, hiyo ni kemba hasi. Kuna kasta pia, mwegemeo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, lakini kwenye IST kiwanda hakikuweka mahali pa kuirekebisha, na isipokuwa gari liliwahi kugonga, hatuna shida nayo leo.

Sasa fanya hesabu nami. Tairi la inchi 16 la kwenye IST lina kipenyo cha milimita 600 hivi. Tuseme tou ya mbele imefunguka milimita 12 kwa jumla, yaani matairi yameachana kwa mbele milimita 12 zaidi ya nyuma yake, kiasi ambacho si cha ajabu kwa gari lililoshushwa na kuachwa hivyo. Kila gurudumu lina fungu lake la milimita 6. Sita kwa mia sita ni asilimia moja. Maana yake, kwa kila kilomita moja unayokwenda mbele, tairi linataka kwenda pembeni mita 10, na kwa sababu la upande wa pili linavuta kinyume chake, hakuna linalokwenda: yote mawili yanasuguliwa na lami. Tabora hadi Urambo ni kama kilomita 90. Kila tairi la mbele linaburuzwa pembeni mita 900 kwenda na mita 900 kurudi. Mwezi una Jumamosi nne au tano, jumlisha mwenyewe. Mchanga wa mitaa ya Ipuli unakuficha hili, kwa sababu tairi huteleza juu yake bila kulika. Kwenye lami ya moto ndiko linakoachia mpira.

Kemba haili kwa kasi hiyo. Kemba hasi ya digrii moja na nusu, tou ikiwa sawa, hula bega la ndani polepole sana, na ukizungusha matairi kwa wakati unaweza usilalamike kamwe. Ila zikikutana zote mbili, kemba hasi inaliegemeza gari kwenye bega la ndani na tou iliyofunguka inalikata bega hilohilo. Ndiyo maana vijana wa kijiweni wanaona tairi limelala na kuilaumu kemba: ndiyo inayoonekana kwa jicho. Milimita 12 za tou hazionekani kwa mtu aliyesimama.

Ushahidi unao kwenye tairi lenyewe. Lipoe, kisha angalia kwanza kama kuna waya uliochomoza, maana waya hukata. Kama hakuna, pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kutoka nje kuingia ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Kikikwaruzwa ukiingia ndani na kuteleza ukitoka nje, tou imefunguka. Ikiwa kinyume chake, imefunga, na hapo bega la nje ndilo lingekuwa limelika zaidi. Tairi likiwa laini pande zote mbili huku limelika bega la ndani tu, hapo ndipo niko tayari kuzungumza habari za kemba.

Kabla ya kupima chochote, hakikisha kuna kitu cha kupima. IST ya 2004 imeshavuka miaka 20. Liinue gari, shika gurudumu kushoto na kulia ulitikise: likicheza, tairodi au kichwa chake kimekwisha. Shika juu na chini: likicheza, ni boljointi au bearingi. Tazama bushi za mkono wa chini kama zimepasuka, na mto wa shokapu juu kama unatoa mlio wa kugonga pale usukani ukizungushwa. Alaimenti juu ya tairodi iliyolegea ni fedha ya kutupa, kwa sababu vipimo vinabadilika gari likitoka tu mlangoni. Fundi yeyote anayeanza kuzungusha nati kabla hajatikisa gurudumu, mshukuru uende kwingine.

Na hapa kuna jambo ambalo ninadhani halikufanyika kwenye gari lako, kwa sababu karibu kote halifanyiki. Bushi ya mkono wa chini ni bomba la chuma lililogandishwa ndani ya mpira. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linashikwa na chesisi na mpira ndio unaojinyonga mkono ukipanda na kushuka. Kiwandani boliti ile hukazwa mkono ukiwa kwenye kimo cha kawaida, hivyo gari likiwa limesimama mpira umetulia. Ukilishusha gari bila kuilegeza, au ukiikaza gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unabaki umenyongwa muda wote, mchana na usiku. Utapasuka mapema, na kabla ya kupasuka utakuwa unalisukuma gari juu kidogo, hivyo kimo unachopimia alaimenti si kimo halisi. Dawa yake ni nyepesi: gari likiwa chini, uzito wote juu ya magurudumu, legeza boliti za mikono ya chini, litikise gari juu na chini mara kadhaa, kisha ukaze upya kwa nguvu inayotakiwa. Fanya hivyo kabla ya tou.

Tukija kwenye upimaji. Tafuta sakafu ya saruji iliyo sawa, siyo uwanja wa mchanga. Jaza upepo sawasawa kushoto na kulia kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Toa mizigo ambayo si ya kila siku. Nyoosha usukani uwe sawa kabisa na uufunge kwa kamba usiyumbe.

Inua gurudumu moja la mbele, lizungushe, huku umeshika chaki au msumari juu ya jiwe usiosogea, mpaka upate mstari mwembamba unaozunguka katikati ya uso wa tairi. Msitegemee mistari ya kiwandani wala ukingo wa rimu, vyote hupinda. Fanya hivyo na la pili. Shusha gari, halafu lisukume mbele mita mbili tatu na usilirudishe nyuma. Tairi lililotoka kwenye jeki huwa limejikunja na litakupa kipimo cha uongo. Mimi napendelea kuweka chini ya kila tairi la mbele vigae viwili vya sakafuni vilivyopakwa grisi katikati, kwa sababu hapo tairi hujinyoosha lenyewe bila kusukuma gari.

Kipimo chenyewe huchukuliwa kwenye kimo cha katikati ya gurudumu, mbele ya matairi na nyuma yake. Kwa gari lililoshushwa futi haipiti nyuma ya matairi, itagonga tumbo la gari. Ndipo timazi inapofaa: iteremshe kutoka kwenye mstari wa chaki, kwa mbele kisha kwa nyuma, uweke alama sakafuni, upate alama nne. Sogeza gari pembeni upime alama mbili za mbele, halafu mbili za nyuma. Umbali wa nyuma ukitoa wa mbele ndiyo tou yako. Ukipata hasi, yaani mbele pamezidi nyuma, imefunguka, na sina shaka ndicho utakachokuta.

Kwa IST ya matumizi ya kawaida lenga kati ya sifuri na milimita 2 za kufunga, kwa jumla ya pande zote mbili. Legeza nati za kukazia za tairodi zote mbili, legeza pia kibanio cha mpira wa vumbi usije ukajisokota na kuchanika, kisha zungusha kidogo kidogo, kiasi kilekile kushoto na kulia. Mzunguko mmoja mzima ni mwingi. Robo inatosha kuona tofauti. Kaza, sukuma gari, pima tena. Utarudia, na hapo ndipo fundi mvivu hujulikana.

Kuhusu usukani kukaa upande: gari likikimbia moja kwa moja, magurudumu mawili ya mbele hujigawia tou nusu kwa nusu yenyewe, hata kama tairodi moja ni ndefu kuliko nyingine. Kinachopotea ni unyoofu wa usukani. Hesabu nyuzi za tairodi zinazoonekana nje ya nati, kushoto na kulia. Zikitofautiana sana, refusha upande mmoja na ufupishe mwingine kwa kiasi sawa, usukani utarudi katikati na tou haitasogea. Zikiwa sawa na usukani bado umekaa upande, geukia nyuma ya gari. Nyuma ya IST ya magurudumu mawili ya kuvuta kuna bimu moja inayounganisha pande zote, haina boliti ya kurekebishia. Habari njema ni kwamba ukishusha gari, bimu hiyo huyabakiza magurudumu ya nyuma karibu na vipimo vyake vya awali. Mbaya ni kwamba ikiwa iliwahi kugonga ukingo wa mtaro ikapinda, nyuma itakuwa inalisukuma gari upande na mbele itabidi ilipe. Hapo utahitaji mashine ya alaimenti inayopima magurudumu yote manne ikuambie ukweli.

Usichanganye hilo na gari linalovuta ukiachia usukani. Barabara zetu zina mgongo katikati na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuelea kidogo kushoto siyo ugonjwa. Likivuta kwa nguvu, badilisha kwanza matairi ya mbele kushoto na kulia, kama siyo ya mwelekeo mmoja (yaliyotengenezwa kuzunguka upande mmoja tu), uone kama mvuto nao umehama. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa 80 au 100, hiyo ni balansi, na alaimenti haitaiponya hata ukiifanya mara kumi.

Baada ya kuweka tou kwa mkono, endesha kama kilomita 500. Springi na mito yake itakaa sawa, kimo kinaweza kushuka kidogo tena, na ndipo unakwenda kwenye mashine, iwe Tabora au Mwanza. Kwenda Mwanza leo na tou hiyo ni kumaliza matairi njiani ukitafuta dawa ya kuyaokoa. Ukifika, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Angalia kemba ya kushoto na kulia: tofauti isizidi nusu digrii. Mashine itaonyesha kemba kwa rangi nyekundu, kwa sababu inalinganisha na gari lenye kimo cha kiwandani. Nyekundu inayolingana pande mbili, kama digrii moja au moja na robo hasi, isikunyime usingizi. Ikizidi mbili, au upande mmoja ukiwa peke yake, hapo boliti za kemba zinafaa. Huingia mahali pa boliti moja kati ya mbili zinazoshika shokapu na gurudumu, na ukizigusa tou huhama, kwa hiyo tou hurekebishwa mwisho kila mara. Soma vizuri pia alama: dakika 10 za digrii na nukta moja sifuri (0.10) ya digrii siyo kitu kimoja, kwa kuwa digrii ina dakika 60. Nimeona karatasi zikisomwa visivyo na mtu akapewa gari likiwa bovu kuliko lilivyoingia.

Kama una rafiki mwenye Mark X anayetaka kukuiga, mwambie ya kwake ni kazi nyingine. Nyuma ina mikono mingi inayojitegemea, ikishuka inapata kemba hasi na tou inahama, na zote mbili za nyuma hupimwa kabla ya mbele. Boliti zake za kurekebishia nyuma mara nyingi zimeganda kwa kutu. Baadaye usukani utahitaji kufundishwa sifuri yake upya kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, la sivyo taa ya VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, itamsumbua.

Springi zako umesema ni fupi, na nataka kuamini hazikukatwa kwa grainda. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko imepungua, lakini nafasi ya kushuka imepungua zaidi ya ugumu ulioongezeka, na gurudumu likining'inia inaweza kulegea na kutoka kwenye kiti chake. Kama ni hizo, zitoe kabla ya alaimenti. Sentimita nne nazo ndiyo mwisho kwa mji wetu. Ukishusha zaidi, ncha ya nje ya mkono wa chini inapita juu ya ile ya ndani, na hapo gari, ingawa lipo chini, linalalia kona zaidi kuliko mwanzo. Shokapu inagonga mpira wa mwisho kwenye kila shimo, na kishindo hicho kinaishia kwenye tairodi na bushi. Kuanzia Novemba mashimo yanapojaa maji, utapima tou mara mbili kabla ya mvua kwisha Aprili. Panga bajeti hiyo mapema. Taa za mbele nazo ziangalie usiku, kwani gari likishuka mbele na nyuma kwa viwango tofauti, mwanga unahama na wenzako barabarani watakuwashia zao.

Matairi uliyonayo: ukiona waya hata mahali pamoja, yamekwisha, na usiyafanye spea. Kama hayajafika huko na siyo ya mwelekeo mmoja wala hayana upande maalumu wa nje, yavuliwe kwenye rimu na kugeuzwa, bega lililolika litoke nje. Usiyapeleke nyuma kwa kudhani huko hayana kazi. Nyuma ikiteleza kwenye mvua dereva ana nafasi ndogo ya kuirudisha kuliko mbele. Na ukinunua mapya, yafungwe siku ileile tou inapowekwa, siyo wiki moja kabla.